Niliyemupaka pemba

Wakati wa vita tulikimbilia kambi ya Katanika. Nyumba ya udongo niliikandika mwenyewe, na ilipokauka nikachora ukuta wa mbele, maana mikono yangu haijui kukaa. Rangi zilikuwa tatu: makala meusi ya jikoni, udongo mwekundu wa kando ya njia, na pemba, ule udongo mweupe.

Nilichora njia ya Nyunzu, kwetu, ile asubuhi tulipotoka. Makala kidogo ndani ya pemba ikawa ukungu. Watu wa karibu niliwapaka weusi. Wa mbali niliwapaka pemba ya maji mengi, bila sura. Wa mwisho kabisa alikuwa binti yangu. Alirudi nyumbani kuchukua mashini yake ya kushona, hatukumuona tena. Miezi miwili, hakuna habari. Nilimuweka mashini juu ya kichwa, imefungwa na kitenge chake chekundu.

Kesho yake wakaja wanawake wa jirani na unga na kuni. Wakaketi chini, mmoja akaanza kulia.

“Munalia nani?”

“Pole, mama. Tumeona umemupaka mutoto pemba.”

Kwa wazee wetu rangi nyeupe ni ya mizimu, ya wafu. Najua hiyo kuliko wao.

“Ule ni ukungu! Mutoto yuko mbali, hakufa. Simameni!”

“Ukungu gani, mama, na jua linawaka hivi?” mukubwa wao akajibu, hakusimama.

Lakini mumoja, aliyefika kambini juma lile, alikwenda karibu na ukuta. “Huyu wa kitenge chekundu? Nimemuacha kwenye gare ya treni, Nyunzu, anashonea watu nguo. Hii blauzi nimevaa njo kazi ya mukono wake.”

Nikavuta ile blauzi, nikageuza pindo. Limekunjwa mara mbili, uzi umerudishwa mwishoni, kama nilivyomufundisha kwa fimbo. Nikaketi katikati yao, pale penye kuketi mufiwa.

“Basi tupike,” mukubwa wao akasema. “Miye sibebi kuni hizi tena.” Tukapika bukari, ugali wa ule unga wao, tukala, tukacheka kwa sauti hata watu wakaja kuuliza kilio kimekuwa nini.

Binti alifika kwa miguu kisha siku tisa, amekonda, mashini juu ya kichwa. Nilimugombeza kwanza: muntu anarudi kwenye risasi kwa sababu ya chuma? Alipomaliza kuoga na kula, nililala muchana kutwa, na hakuna aliyesubutu kuniamsha.