Mrekodi Kanda wa Mtaa wa Kongo

Mrekodi kanda wa Mtaa wa Kongo hakufuta kanda ya mtu kabla hajaisikiliza. Aliinamia spika, kidole juu ya kitufe, huku wanafunzi wakimsonga kwa albamu moja tu mwaka ule: vijana wa Marekani, magitaa yanayokwaruza, mwimbaji anayepiga kelele kama amefungiwa chumbani.

"Hawa wanalilia nini?" aliwauliza.

"Hata sisi hatujui, mzee. Ila wanatulilia sisi."

Krina, msichana wa sekondari, alileta kanda ya nyumbani yenye nyimbo za ibada za bibi yake, ifutwe, arekodiwe albamu hiyo. Ndiyo albamu aliyoipiga kaka yake Utsav mpaka madirisha yakatetemeka, kabla hajapelekwa Uingereza na nyumba ikanyamaza. Mrekodi akaiweka kanda mashineni, akasikiliza. Katikati ya wimbo wa bibi, sauti ya kijana ikaangua kicheko, ikakaripiwa.

"Nani huyu?"

"Kaka," Krina alisema.

Fundi aliitoa kanda, akavunja kwa bisibisi vijino viwili vya plastiki vya ukingoni mwake ili asiwepo wa kurekodi tena juu yake. "Kalete nyingine, binti."

Krina hakuondoka. "Fundi, iweke tena, uirudishe nyuma kidogo. Pale anapocheka."