Goti la Kiongozi

Mwanamke anayeongoza vikundi vya wageni kwa miguu kwenye njia ya kale ya mahujaji ana magoti ya kupanda mlima huku amembeba punda mgongoni, na punda kabeba mzigo wake. Lakini kutwa yeye ndiye anayelalamika. Akisikia pumzi ya mtu inapiga filimbi nyuma yake, hasemi kamwe, "Tupumzike." Anashika kiuno, anaguna, anaketi, anavua kiatu na kukung'uta kokoto isiyokuwemo. Vidole vyake vinene vinafunga kamba polepole, huku jicho la pembeni likimlinda aliyechoka mpaka pumzi imrudie.

Chini ya kilima cha mwisho, mzee mmoja mjane alikaa njiani. Alikuwa amemwahidi marehemu mkewe kwamba atafika kwa miguu yake kwenye nyumba ya sala iliyo kileleni.

"Niitieni gari," alisema. "Nimekwisha."

Kiongozi akashika goti la kushoto, akapiga ukelele ambao nusura uwaangushe kunguru. "Goti langu! Baba, bila mtu wa kunivuta mimi sifiki."

"Kiongozi gani wewe!" Mzee akajikokota, akasimama, akamkamata mkono. Wakapanda, mzee akivuta na mama akichechemea. Karibu na kilele mzee akasimama.

"Mbona sasa unachechemea mguu wa kulia? Kule chini ulishika wa kushoto."

"Maumivu yamehama, baba."

Mzee akamtazama weee, kisha akamshika vizuri zaidi.

"Basi twende upesi kabla hayajahamia shingoni," akasema, akamvuta mpaka ndani ya mlango wa nyumba ya sala.