Posa ya Timu ya Pweza

Viazi vya karai vya Salme unaweza kuvisema utakavyo. Sema vimepungua chumvi, sema ukwaju umekuwa mkali, atacheka na kukuongezea kimoja cha bure. Lakini keti kwenye benchi lake kando ya uwanja wa Shika Adabu, useme kwamba Jalila si mchezaji, uone kama utaimaliza sahani yako kwa amani.

Jalila alikuwa mchezaji wa Pweza, timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Likoni, iliyo kwenye ligi ya taifa. Wachezaji wa Pweza hulipwa. Hawalipwi sana, lakini hulipwa, na kwa sababu hiyo watu wa benchi la Salme hujiona wana haki ya kuwasema kama vile mishahara ile yatoka mifukoni mwao. Msimu uliopita Pweza walifungwa kila mahali, nyumbani na ugenini, mpaka marefa wakaanza kuwaonea huruma. Ulipokwisha, wakongwe wakatawanyika: mmoja goti lilimshinda, mwingine aliolewa Lamu, mwingine akahamia timu nyingine bila hata kuaga. Kocha Milcah, mwanamke wa bara mwenye sauti ya kengele, akatangaza kwamba timu itajengwa upya, na itajengwa kwa vijana. Nguzo yenyewe itakuwa Jalila, binti wa miaka kumi na tisa aliyeinama kwenye kila mlango wa mtaa ule.

Basi hapo ndipo vita vya benchi vilipoanza.

"Yakhe, mtoto yule ana urefu tu," alisema Nassor, mzee aliyestaafu bandarini. Alikuwa dereva wa winchi, na miaka yote ile ya kuwatazama watu kutoka juu haijamtoka mpaka leo. "Mnazi nao una urefu. Mwaona mnazi wachezeshwa?"

"Wewe watazama mpira unapoingia," Salme alimjibu, akigeuza viazi bila kuviangalia. "Mimi namtazama yeye kabla ya mpira kufika. Yule yuwajua mpira utaangukia wapi kabla hata aliyeutupa hajajua. Hilo halifundishwi, Bwana Nassor. Mengine yote yafundishwa."

"Yatafundishwa lini? Kila mwaka twaambiwa ngojeni, kijana atakua. Kijana akikua aondoka, twaletewa kijana mwingine, twaambiwa ngojeni."

Griffin, aliyefanya kazi yadi ya makontena kule Changamwe na kuvuka feri kila jioni kuja kula na kubisha, alikuwa na dawa yake. "Mathe, kipaji haifungi vikapu. Hao wa Nairobi wakitaka huyo dem, wachukue. Sisi tuitishe wawili wamekomaa. Msimu ujao tuko juu."

"Na msimu wa baadaye?"

"Hiyo tutajua ikifika."

"Ndio maana nyinyi hamjengi," alisema Salme. "Mwapanga chumba tu."

Griffin alicheka mpaka ukwaju ukampalia. Hivyo ndivyo jioni zilivyokwenda, na Salme alizipenda kuliko alivyowahi kukiri. Mumewe, Mwidani, alikuwa amefariki, wanawe walikuwa wameoa na kuolewa, na nyumba yake ilikuwa safi mno kwa sababu hapakuwa na wa kuichafua. Pweza ndio waliomjazia magharibi yake. Wavu wa kikapu cha upande wa barabarani aliushona yeye kwa mkono wake, na ulipochanika aliushona tena. Ndiyo maana habari ilipofika kwamba timu moja ya Nairobi kweli yamtaka Jalila, na kwamba mkataba wake wa Likoni wakaribia kwisha, Salme alikosa hamu ya kula. Kocha Milcah alikuwa amesema wazi: binti huyu akiondoka, wafadhili watauliza tunajenga nini, naye hatakuwa na jibu. Salme aliogopa. Aliogopa kwa ajili ya timu, na kwa kweli aliogopa zaidi kwa ajili yake mwenyewe, asije akabaki na karai kando ya uwanja mtupu.

"Hao wa Nairobi wamemtakaje?" aliuliza Nassor.

"Wamemtumia mjomba wake ujumbe wa simu," alisema Milcah, aliyekuja benchini jioni ile.

"Ujumbe wa simu!" Nassor aliweka sahani chini. "Mtoto wa watu, mwenye nyanya yake, aombwa kwa ujumbe wa simu? Sisi tutakwenda nyumbani. Tutapeleka posa."

Alikuwa anatania, ila Salme hakucheka. Pweza hawakuwa na fedha za kushindana na Nairobi, lakini heshima walikuwa nayo, tena ya kutosha kujaza sinia. Akaifunika karai yake na kusema, "Ijumaa, baada ya alasiri. Kofia yako uifue."

Ijumaa ile mtaa wa Shika Adabu ulipata cha kuzungumza. Mbele alitangulia Nassor na kanzu iliyopigwa pasi na kofia nyeupe. Nyuma yake Milcah, aliyejifunga leso kwa adabu ingawa alishindwa kuizuia isiteleze, kisha Griffin na sinia la halwa lililofunikwa kawa, akitembea kama amebeba mayai. Salme alifunga msafara ndani ya buibui yake ya sikukuu. Jirani mmoja alipoliona sinia tu, alipiga kigelegele.

"Nani aolewa?" alipaza sauti dirishani.

"Haolewi mtu!" alijibu Nassor. "Twaomba mchezaji!"

"Na halwa ya nini?"

"Mchezaji ni mtoto wa watu!"

Bi Wardah, nyanya aliyemlea Jalila, alikuwa amefukiza udi tangu asubuhi. Alijua vizuri kwamba wageni wanakuja kwa ajili ya mpira, lakini kuombwa ni kuombwa, na kwake lile lilikuwa jambo la fahari. Aliwakalisha, akawaletea kahawa, akaulizia watoto wao na wajukuu wao na baraka zao. Kisha Nassor akakohoa, akasema maneno aliyoyafanyia mazoezi wiki nzima: kwamba wameona katika nyumba hii binti mwenye adabu na kipaji, kwamba timu ya kwao imeanguka nao wataka kuisimamisha, na kwamba wamekuja kumwomba akae nao, wamtunze kama wa kwao, inshallah. Alisema vizuri. Griffin mwenyewe, ambaye hakuelewa nusu yake, alitikisa kichwa kwa kuguswa.

"Tumewasikia, na mmetuheshimu," alisema Ukasha, mjomba wa Jalila. "Lakini mwenye jambo ni binti. Nikamuulize."

Akaingia chumba cha ndani. Sebuleni wote wakatega masikio kama vile ukuta ule ungewasimulia. Mjomba hakukawia kurudi.

"Amenyamaza," alisema, huku anatabasamu.

"Alhamdulillahi!" alisema Nassor. Milcah alimgeukia Salme kwa wasiwasi, akaelezwa kwa kunong'onezwa kwamba hapa kwetu binti akiulizwa na kunyamaza, amekubali. Ni haya tu inayomzuia kusema. Kocha nusura aruke. Kawa likafunuliwa, halwa ikakatwa, na kigelegele cha jirani kikaingia tena dirishani bila kualikwa. Timu imepona. Benchi limepona. Salme alipewa kipande kikubwa kuliko vyote, kwa kuwa posa ilikuwa yake.

Alikishika mkononi, asiweze kukitia kinywani.

Alikuwa amekumbuka mlango mwingine, na mjomba mwingine aliyesimama mlangoni. Wakati ule alikuwa binti wa miaka kumi na minane, mwepesi, mgawa pasi wa timu ya wasichana, na Jumamosi yake kulikuwa na mechi. Mjomba aliuliza, naye akanyamaza kwa sababu alikuwa bado anawaza atasema nini. Kabla hajamaliza kuwaza, vigelegele vilikuwa vimeanza. Mwidani alikuwa mume mwema, wallahi, na Salme hakumjutia hata siku moja. Lakini mechi ile hakuicheza, wala nyingine yoyote, na katika maisha yake yote hakuna aliyerudi mlangoni kumuuliza mara ya pili.

"Bi Wardah," alisema, "niruhusu nimwone binti."

Jalila alikuwa ameketi kitandani, miguu yake mirefu imekunjwa, anaviringisha ncha ya mtandio kidoleni. Salme akafunga mlango, akaketi kando yake.

"Jalila."

"Abee, khalati."

"Mimi sikuja kukusikia ukinyamaza. Nakuuliza mara ya pili, na nitangoja mpaka umalize kuwaza."

Akangoja. Nje Nassor alikuwa anaomba kahawa nyingine. Jalila aliviringisha mtandio, akauviringua, akauviringisha tena.

"Nyanya amefukiza udi," alisema hatimaye. "Mumekuja na sinia. Nitasemaje la?"

"Liseme tu. Halwa italiwa vilevile."

"Nataka kwenda, khalati." Machozi yakamtoka, akayafuta haraka. "Hapa mimi ndiye mrefu. Huko kuna wasichana warefu kunishinda, watanisukuma, wataniangusha. Nataka kusukumwa. Na hapa nikikosa, wewe wamgombeza kila aliyenisema. Nakusikia mpaka uwanjani. Nataka kujua kama nina kipaji, ama nina wewe tu."

Ilimchoma Salme, ikamchoma pale pale alipokuwa anajivunia. Alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. Miaka yote ya kubishana benchini, na mtu aliyeelewa vizuri zaidi maana ya kipaji alikuwa mwenye kipaji.

"Ukifika huko," alisema, "urudi nyuma upesi mkipokonywa mpira. Wewe mvivu wa kurudi."

"Hujawahi kuniambia."

"Nilikuwa nakutetea."

Aliporudi sebuleni alisimama katikati ya zulia na kusema wazi, "Kile kimya hakikuwa ndiyo. Posa imekataliwa."

Nassor alipaliwa na kahawa. Milcah alijishika kichwa, leso ikaanguka kabisa. Bi Wardah alimgeukia Salme.

"Salme, posa yako mwenyewe waivunja kwa mkono wako?"

"Naivunja, Bi Wardah. Mpe ruhusa mtoto aende."

Bi Wardah alisogeza sinia mbele ya wageni, akawaambia wale, kwani halwa haikuwa na kosa. Wakaila yote.

Kwa muda mrefu benchi halikumsamehe Salme. Nassor alimbandika jina la "wakili wa Nairobi". Lakini wafadhili, baada ya kulalama, walibaki, maana Milcah aliwaambia kwamba timu ambayo wachezaji wake wanatakiwa Nairobi si timu ya kutupwa. Pweza wakaanza tena na mabinti wadogo zaidi, wakamaliza msimu wakiwa nafasi ya pili kutoka mwisho, na Likoni ikasherehekea kana kwamba kikombe kimevuka feri.

Jalila walimtazama kwenye simu ya Griffin, iliyoegemezwa kwenye chupa ya ukwaju. Nusu ya kwanza alikaa nje. Alipoingizwa alikosa kikapu cha wazi, akasukumwa, akaanguka, akainuka.

"Mbona humtetei?" aliuliza Nassor.

"Sasa yuwajitetea," alisema Salme. Na mara ile timu ya Jalila ikapokonywa mpira, na yule binti mvivu wa kurudi akarudi mbio uwanja mzima, akasimama mahali pasipo na mtu, na mpira ukamwangukia mikononi. Aliyeruka kutoka benchini na kumwaga sahani yake alikuwa Nassor. Alidai baadaye kwamba mdudu alimuuma. Salme alijisikia furaha iliyotulia, isiyomdai chochote, akamkaangia viazi vingine.

Uwanjani, msichana mpya aitwaye Lynnette, mfupi, mwenye mikono ya haraka, alikuwa anafanya mazoezi peke yake. Alitupa, akakosa. Akatupa, akakosa tena.

"Na huyu naye," alisema Nassor, ambaye hakuwa na kazi nyingine jioni ile, "si mchezaji."

Salme alinyanyua kijiko chake cha matundu, mdomo umeshafunguka, majibu yote tayari. Kisha akaufunga. Akageuka kuelekea uwanjani.

"Lynnette! Hebu ndoo hapa, mwanangu. Mzee huyu asema huwezi. Wewe mwenyewe wasemaje?"

Lynnette alisimama na mpira kiunoni. Hakujibu upesi. Salme naye akasimama pale na kijiko mkononi, akamngoja amalize kuwaza, mpaka viazi vyote vya karai ile vikaungua.