Mistari Elfu Kumi na Moja Mbele ya Kijiti cha Kivuli

Saa sita na dakika arobaini mchana. Watu wenye akili zao wamejifungia ndani na viyoyozi vyao, lakini Rayya al-Abriya ameketi mkekani, kando ya kijiti cha chuma kilichosimikwa katikati ya uwanja wa kijiji chake, juu kidogo ya mji wa al-Hamra, Oman. Kompyuta yake ameifunika taulo la maji isichemke. Macho yako kwenye kivuli.

Kivuli kinalisogelea jiwe la saba. Kikiligusa, zamu moja ya maji ya falaji, mfereji wa kale wa kijiji, inakwisha na nyingine inaanza.

"Usiniongeleshe kwanza," ananiambia bila kugeuka.

Rayya, mwenye miaka thelathini na minane, ni fundi wa kompyuta katika kiwanda cha kufungasha tende. Hiyo ndiyo kazi inayomlipa. Ile inayomsumbua kichwa ni nyingine, na haijawahi kumpa hata baisa moja. Anatunza Badda, programu huria ya kugawa zamu za maji. Aliiandika miaka sita iliyopita na kuiweka wazi mtandaoni, kila mtu aone msimbo wake, auchukue, na akitaka autengeneze. Leo falaji sitini na tatu zinaitegemea, pamoja na mifereji kadhaa ya jangwani Algeria.

Hapo kwenye kutengeneza ndipo kasheshe ilipoanzia.

Mwezi wa pili mwaka huu, mhandisi mmoja wa Muscat aitwaye Hilal al-Kindi, ambaye Rayya hajawahi kumtia machoni, alituma mchango wake. Mistari elfu kumi na moja na mia mbili ya msimbo, yote kwa mpigo mmoja. Ndani yake mlikuwa na ramani, ujumbe wa simu wa kuwakumbusha watu zamu zao, na hesabu ya maji iliyoandikwa upya toka mwanzo. Ilikuwa kazi ya miezi minne, na hakumwuliza mtu.

"Nilifurahi kama dakika kumi hivi," Rayya anasema. "Halafu nikaanza kusoma. Ni kama mtu kaja kukusaidia kufagia, ukirudi kutoka sokoni unakuta kahamisha na kuta."

Nilitaka kujua jambo moja tu: mtu anapokupa bure jasho la miezi minne, unapata wapi uso wa kumkatalia?

Tahar Benhamza, anayeitunza Badda pamoja naye kutoka Timimoun, Algeria, aliona hakuna cha kukataa. "Dada, miaka sita tunaomba msaada," alimwandikia. "Umekuja, sasa tunaanza kuuringia? Huyu tukimchokoza atanakili msimbo wote aende zake na Badda yake. Tutabaki mimi na wewe tunatazamana."

Rayya alimwomba Hilal aukate mchango vipande vidogo, kila kimoja na maelezo yake. Hilal akasema havikatiki, kila kitu kimeshikana na kingine. Kisha, mbele ya kadamnasi ya mtandaoni, akaandika kwamba Rayya ameikalia programu ya watu kama dhahabu ya mahari yake.

Maneno hayo yalimchoma. Akajibu papo hapo: "Wewe ukikosea, unafunga kompyuta unakwenda kula. Mimi nikikosea, watu wananigongea mlango."

Walivutana miezi mitatu. Kila asubuhi kabla ya kazi, Rayya alisoma mistari mia moja na hamsini. Ilipofika Mei aligundua kwamba Hilal ameipa kila zamu ya mchana nusu saa kamili, mwaka mzima. Kijijini zamu ya mchana hupimwa kwa kivuli kutoka jiwe hadi jiwe. Mawe hayalingani nafasi, wala kivuli cha kiangazi hakitembei kama cha baridi.

Akampigia simu.

"Saa ni saa, dada," Hilal akamwambia.

"Basi njoo uyaambie mawe."

Akaja kweli. Siku tatu za Juni walikaa mkekani hapo, na tende na birika la kahawa chungu katikati yao, kila mmoja na hesabu yake kwenye simu. Kivuli kilipoligusa jiwe la saba, hesabu ya Hilal ilikuwa imeshaimaliza zamu kitambo. Rayya akatabasamu. Kisha akatazama ya kwake.

Nayo ilikuwa imeshaimaliza, dakika saba kabla ya kivuli.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Miaka sita nyuma aliyapima mawe wakati wa likizo yake ya Januari, akadhani mwaka mzima utafuata. Na tangu Badda ilipoingia kijijini, hakuna aliyejisumbua kukitazama kijiti. Wote walitazama simu.

"Angeweza kunicheka, na nilistahili," Rayya anasema. "Hakucheka. Aliniuliza, 'Hii zamu ya mwisho kabla ya jiwe la saba ni ya nani?'"

Ni ya Bi Zuwaina bint Nasir, mjane mwenye mitende kumi na tisa chini kidogo ya uwanja. Zamu yake huja kila siku ya nane. Kwa viangazi sita, dakika zake za mwisho zilikwenda kwa jirani.

Jioni ile ile Rayya alimfuata nyumbani akamweleza yote. Bi Zuwaina alikuwa akichambua ndimu kavu. Akalisukuma sinia pembeni.

"Mitende yangu minne ya mwisho imekauka," akasema. "Nikadhani ni uzee, nachelewa kufungua maji. Mwanangu, miaka sita najilaumu."

"Mbona hukusema, mama?"

"Niseme nini, na simu imeshasema?"

Rayya anaponisimulia hapa anajifuta macho kwa ncha ya shela, na haoni haya.

Wenye maji walikutana, wakampa Bi Zuwaina zamu mbili za ziada kutoka maji ya wakfu hadi kiangazi kiishe. Ramani na ujumbe wa Hilal viliingia kwenye Badda kwa vipande thelathini na kimoja. Kumbe vilikuwa vinakatika. Hesabu zote mbili, yake na ya Rayya, zimetupwa. Sasa wanaandika mpya pamoja, jiwe kwa jiwe, mwezi kwa mwezi.

"Kwa mwendo huu," Tahar ananung'unika, "tutamaliza wajukuu zetu wakiwa na wajukuu."

Tumaini la Rayya ni kwamba mwakani kila falaji itakuwa na watu wawili wenye haki ya kukataa badiliko lolote la hesabu: mmoja anayeusoma msimbo, na mwingine asiyeujua kabisa lakini ana shamba. Kijijini kwake huyo wa pili ameshapatikana. Amepanda machipukizi manne mahali pa ile mitende iliyokauka.

Simu ya Rayya inalia. Hesabu mpya inasema zamu imekwisha.

"Usifunge zamu!" sauti ya Bi Zuwaina inapanda kutoka bustanini. "Mtende wa mwisho haujanywa!"

Rayya anainama. Kati ya kivuli na jiwe bado kuna upana wa kidole.

"Kweli, mama," anapaza sauti. "Bado."

Anaifuta namba aliyoiandika jana kwa jiwe hili, na kungoja.