Nilisaini kwamba mitungi ya dawa imerudi kwa kampuni

Admin, ficha jina langu na la duka. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Tunaishi Kibomet hapa Kitale na nimeajiriwa kwa agroveti, duka la dawa za shamba na mifugo. Nimesoma mpaka kidato cha nne tu, mnivumilie nikikosea.

Nyuma ya duka kuna kizimba cha waya. Sheria ya siku hizi inataka kampuni inayouza dawa za shamba ichukue mitungi yake ya plastiki dawa ikiisha. Mkulima anarudisha mtungi, mimi nautoboa kwa msumari ili mtu asiutumie tena, halafu lori la kampuni linabeba. Hilo lori nimeliona mara moja tu. Kizimba kilijaa mpaka mitungi ikaanza kulala njiani. Afisa wa kampuni alikuwa anakuja na pikipiki, ananipa fomu imeandikwa mitungi imechukuliwa. Nikamuuliza, "Si bado iko hapo nyuma?" Akacheka. "Madam, saini tu bana. Hiyo ni karatasi ya kuonyesha serikali. Lori itakuja." Nikasaini. Na si mara moja.

Sasa kosa langu. Nimelelewa kwa nyumba ambayo mtungi mzima hautupwi, na kutoboa mtungi mzuri wa lita tano kulikuwa kunaniuma. Mama mkwe wangu wa Malakisi alikuwa amelalamika hana vya kuwekea maji ya kunywa. Nikachagua mitatu ambayo sijatoboa, nikabandua karatasi. Miwili niliiosha na maji moto na sabuni mara nne. Nikiwa kwa ule wa tatu mtoto akaanza kulia, nilikuwa nimechoka, nikausuuza na maji baridi nikasema utaoshwa huko. Sikumwambia mama ilikuwa ya dawa ya viwavi. Alifurahi mpaka akaita majirani. "Oneni huyu binti nilipewa na Mungu."

Baada ya wiki mbili mjukuu wake wa miaka minne, mtoto wa wifi yangu anayelelewa pale, alitapika, akatokwa na mate, macho yakalegea. Hospitalini Bungoma daktari akasema ni sumu ya dawa ya shamba. Mtoto alipona, nashukuru Mungu. Lakini aliyempa maji siku hiyo ni mke wa shemeji yangu, nitamuita Nafula, na yeye na mama walikuwa hawaongei tangu wakosane juu ya kuku. Mama alimwambia mbele ya watu, "Ati maji? Si hayo maji tunakunywa sisi wote! Umemwekea kitu. Rudi kwenu." Kumbe ule mtungi wa tatu ndio ulikuwa umeanzwa siku hiyo, na mtoto peke yake ndiye alikunywa maji yake. Nafula akarudi kwao, mahali panaitwa Kwanza huku karibu na Kitale, akaacha watoto wake.

Nilipoenda kuona mgonjwa niliingia jikoni, nikaunusa ule mtungi wa tatu. Nikajua. Nikamwaga maji, nikaweka mitungi yote mitatu kwa begi chini ya nepi, nikamwambia mama nitamletea mingine. Nilifika Kitale nikaitoboa. Sasa ndio naitoboa!

Wiki jana Nafula alinipitia dukani. Alimchukua mtoto wangu mgongoni, akambembeleza mpaka akalala, mimi nikihudumia wateja. Akaniambia, "Dada, ni wewe peke yako hujaniita muuaji. Jumamosi wazee wanaketi juu ya kesi yangu. Si uje uniongelee? Mama anakusikiza." Nikamwambia nitakuja. Sikuweza kumwangalia.

Nilimpigia yule afisa. Akasema, "Ukitaja kampuni, jua sahihi iko kwa fomu ni yako, si yangu." Ni kweli. Kampuni imeuza dawa ikaniachia mimi mabaki, na hilo nitalisema popote. Lakini aliyebandua ile karatasi ni mimi.

Mume wangu hajui chochote. Nikiongea naweza kupoteza kazi, na sijui kama mama atanifungulia mlango tena. Nafula naye hajalala na watoto wake mwezi wa pili sasa.

Tafadhali msiniambie ninyamaze, hiyo nimejaribu na inanimaliza. Jumamosi nitasema. Nisaidieni tu hapa: nianze na mume wangu, nianze na mama, ama niende Kwanza kwanza nimwambie Nafula nikimwangalia machoni? Nishaurini, siku zimebaki tatu.