Pilipili Tano za Pati Saroja

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, pilipili tano kavu ziliungua kwenye kikaango jikoni kwetu mpaka zikawa nyeusi, madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya baridi, na hakuna aliyekohoa. Hata kengele ya moshi, ile iliyokuwa ikilia kila bibi yangu Koko alipokaanga samaki, ilikaa kimya. Nimeirudia jioni ile mara nyingi nikitafuta maelezo. Sijayapata.

Tuliishi Beechmont, Louisville, katikati ya miaka ya 2010, mwaka wetu wa pili tangu tutoke kambi ya wakimbizi. Tulikuwa wazazi wangu, Koko ambaye ni mama yake baba, mimi, na Baraka, mdogo wangu wa miezi miwili. Chini yetu aliishi mama mzee kutoka kusini mwa India, aliyeletwa na mwanawe aje kulea wajukuu. Mjukuu wake Mina, niliyesoma naye darasa moja, alimwita Pati, yaani bibi. Nami nikamwita Pati Saroja.

Ijumaa baada ya shule nilikuwa nikishuka kwao. Akina mama wengine wawili wa rika lake walikuja siku hiyo, wakaketi kwenye zulia, wakamwaga dengu kwenye sinia pana na kuzichambua. Dengu za dukani hazina mawe. Walizichambua hivyo hivyo, punje kwa punje, huku wakizungumza lugha yao.

"Wanasema nini?" nilimuuliza Mina.

"Jua," alisema akisonya. "Wanaongea jua tena."

Lilikuwa jua la juu ya paa, walikokuwa wakianika pilipili na mikate myembamba ya dengu, mtu akikaa na fimbo kufukuza kunguru. Mmoja alikumbuka jiwe la kusagia la jirani lililomwamsha alfajiri, na jinsi alivyomchukia jirani huyo miaka thelathini. Sasa angetoa bangili zake alisikie tena. Walicheka mpaka wakajifuta macho kwa pindo la sari. Nilipomsimulia Koko habari ya jiwe, aliacha kumenya vitunguu. "Ata wao wanakumbuka kwao?" aliuliza, akarudia vitunguu vyake.

Basi Baraka akaacha kunyonya. Jumapili alikuwa amepelekwa mbele ya kanisa kuombewa, watu wakampokezana mikononi, kila mmoja akimsifu mashavu. Tangu Jumatatu, kila mama alipomweka kifuani, aligeuza uso na kulia. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa, akasema tujaribu maziwa ya kopo na kumrudisha baada ya wiki. Uzito ukiendelea kushuka angelazwa na kulishwa kwa mpira puani. Maziwa ya kopo alikunywa matone, akayatema. Mama hakulala tena. Katika maneno yote ya daktari alibaki na moja, kwamba mtoto atachukuliwa.

Ijumaa jioni, baba alipokwisha kuondoka kwenda zamu ya ghalani, tulisikia hodi. Walikuwa Pati na Mina. Siku nne Pati alikuwa amesikia kilio kupitia dari yake. Mkononi alishika chumvi ya mawe, haradali, na pilipili tano. Koko alisimama katikati ya mlango.

"Neema, uliza uyu mama anatafuta nini."

Nilimuuliza Mina kwa Kiingereza, Mina akamuuliza bibi yake, jibu likarudi kwa njia ile ile. "Anasema Baraka amepigwa na jicho. Watu wamemsifu sana."

"Nani amemusifu?"

"Kanisa lote, Koko."

Koko alifikiri. "Bon. Iyo ni kweli. Lakini pilipili ni dawa ao ni bulozi?"

Nilimuuliza Mina kama ni uchawi. Akashangaa. "Ni pilipili! Mimi hunifanyia kila nikipata alama nzuri za hesabu."

"Mama, muache aingie," mama alisema kutoka kwenye kochi. "Siku ine mutoto hanyonye."

Koko alisogea nusu hatua. "Basi afanye yake, na mi nitafanya yangu." Akainua mikono, akaanza kuomba kwa sauti kubwa, kwa jina la Yesu, huku Pati akizungusha ngumi iliyojaa chumvi na pilipili juu ya kichwa cha Baraka, mara tatu kulia, mara tatu kushoto, akinong'ona. Hakuna aliyemwingilia mwenzake. Kisha Pati akatupa vyote kwenye kikaango cha moto.

Chumvi ilipasuka. Moshi ulipanda. Tulisimama tukiziba midomo kwa viganja, tukingoja. Hakuna kilichotuwasha. Koko alinyamaza katikati ya sala, akavuta hewa puani.

"Ni pua yangu imekufa?" aliuliza.

Pati alitikisa kichwa taratibu, akasema jambo. "Kama jicho lisingekuwepo," Mina alitafsiri, na hakuwa akicheka tena, "tungekohoa wote."

Halafu Pati aliinama juu ya mama, akanusa kifua chake, akakunja uso. Mama alikuwa na mafua, akijipaka dawa ile kali ya kifua kila saa. Pati akaomba kitambaa na maji ya moto, akamfuta, akamfuta tena. Baraka aliwekwa kifuani. Tulisikia akimeza.

Leo ninaishi mji mwingine, Whitehall, ninahudumia wazee, na nimesoma vya kutosha kujua kwamba huenda mtoto alikuwa anakimbia harufu ya dawa ile. Inawezekana. Lakini mwaka jana nilichoma pilipili tano jikoni kwangu, dirisha wazi, nikatoka nje nikikohoa machozi yakinitoka. Kwa hiyo sisemi lolote. Naona tu kwamba ni sisi tunaotaka kujua kipi kilisaidia. Kwa Pati, kuzungusha chumvi na kufuta kifua vilikuwa kazi moja ya nyumbani, kama kuchambua dengu na kuzipika.

Asubuhi Koko mwenyewe alimweleza baba, kabla hajavua viatu. Baba alikunja paji la uso, akamtazama mtoto aliyelala na maziwa mdomoni. "Mu nyumba yangu uyo mama asichome kitu tena," alisema.

Daktari alipompima tena, uzito ulikuwa umepanda. Baba akashuka na mfuko wa mchele kutoa asante, mimi nikiwa mkalimani. Pati aliukataa. Alisema maneno marefu, na Mina akachelewa kuyatafsiri.

"Anaomba kumwogesha Baraka. Kwao wachanga wa mtaa mzima waliletwa kwake. Huku mama yangu alituogesha mwenyewe, kwenye beseni lenye kipimajoto. Anasema mikono yake inakaa bure."

Kwetu kuogesha mtoto mchanga ni haki ya bibi, na hakuna anayeigawa isipokuwa yeye. Tulipanda kumuuliza Koko. Alikunja na kukunjua kanga ya Baraka.

"Amuogeshe," alisema mwishowe. "Maji nitamwaga mi."

Ikawa hivyo mpaka majira ya joto. Kila asubuhi Pati aliketi kwenye sakafu ya bafu letu, sari ameifunga magotini, miguu ameinyoosha, Baraka kifudifudi juu yake aking'aa kwa mafuta. Koko alisimama na jagi, akajaribu maji kwa kiwiko, kisha akamwaga.