Mchoma Mishikaki wa Kaunta ya Viti Saba

"Hivi Fusae, yule mchoma mishikaki wako hucheka kweli?" jirani alimwuliza siku moja. Fusae, mteja wake wa kila jioni, alikuwa hajawahi kumwona akicheka. Mkono wa kushoto hupepea makaa, wa kulia hugeuza kuku, na mteja akithubutu kuchomoa nyama kijitini hukaripiwa: "Nimetunga mimi, unatungua wewe?" Ukiomba mchuzi, naye akaamua chumvi, utakula chumvi na utashukuru. Jioni moja mchomaji alikuwa na mafua, pua imeziba siku ya tatu. "Mzee, leo umetuchomea bahari!" mteja mmoja akasema, akausukuma mshikaki wake kando. Masikio yakamwiva mchomaji. Akamsogezea Fusae mshikaki mpya, akanong'ona, "Mama, nionjee chumvi. Mimi sisikii ladha."